Shati la Kuazima

Kikuubo, kile kichochoro cha maduka ya jumla Kampala, hakuna anayesimama. Ukisimama tu, mpagazi atakupitia na gunia lake la sukari, na wa kulaumiwa ni wewe. Ndiyo maana watu waligeuza shingo asubuhi ile Nerima aliposimama katikati ya kichochoro, mkono mmoja umeshika shati la buluu, mkono wa pili umeshika kiwiko cha mwanaume asiyemjua.

"Samahani, kaka. Niazime mabega yako."

Mwanaume akautazama ule mkono, kisha akamtazama mwenye mkono. Alikuwa na gunia dogo la mchele begani na fulana nyekundu iliyopauka.

"Mabega yangu unapeleka wapi?"

"Hayaendi popote. Natafuta shati la kumtosha mtu mnene."

"Ahaa. Kwa hiyo mimi ni mnene."

"Wewe ni mpana. Unene na upana ni vitu viwili."

Zubaida, mwenye duka, alicheka mpaka akashika meza. Zubaida akiuza hucheka, asipouza hucheka zaidi. "Ssebo, bwana wangu, vaa tu! Huyu dada amesumbua watu yangu yote. Hata muzee wa chai amemuvalisha!"

Mwanaume akashusha gunia, akalivaa shati juu ya fulana yake. Nerima akamzunguka, akavuta mshono wa bega, akamwambia anyooshe mikono mbele kama anayepokea sahani. Shati likamkaa. Lilimkaa vizuri kuliko ilivyohitajika, maana Nerima alijikuta ameacha kutazama mshono, anatazama shingo. Jamaa alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye mwanya unaoonekana hata kabla hajacheka.

"Mume wako ana bahati," akasema akifungua vifungo. "Mimi hakuna mtu ananitafutia shati namna hii."

"Sina mume. Hili ni la mgeni wa melini."

"Mgeni gani?"

"Yeyote atakayekuja amevaa vibaya."

Hapo jamaa akausahau mchele kabisa. "Subiri kwanza. Meli? Hapa Kampala?"

Alisema anaitwa Ocira, na kwamba kazi yake ni zimamoto. Nerima akamwambia jina lake na kwao, Busia upande wa Kenya. Mpagazi akawapigia mluzi, wa pili akawatukana, na wakabanana ukutani na mashati yao na mchele wao. Walipoachana, Nerima alikuwa na shati moja na namba moja ya simu, na hakukumbuka vizuri ni nani kati yao aliyeanza kuomba namba.

Meli yenyewe iliitwa Adhuhuri. Mtu wa Mombasa angeiita boti, tena kwa kuionea huruma, lakini mwenyewe alisema ni meli, na mwenye mali ndiye mwenye jina. Kila safari iling'oa nanga Port Bell, bandari ya Kampala ziwani, kabla ya saa sita, ikazunguka visiwa, watu wakaogelea, wakala, wakarudishwa palepale walipotoka jua likiwa bado juu. Mwenyewe ni Hippolyte, mtu wa Bukavu, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye zile meli kubwa za starehe huko bahari za Ulaya, kwanza akibeba sahani, mwishowe akiwa mkuu wa chumba cha kula. Alirudi Afrika na kizibao cheusi na sheria kichwani.

"Usiku si kazi," alimwambia Nerima siku aliyomwajiri. "Usiku kila mutu anajua: tai, koti, gauni murefu. Kazi iko muchana. Muchana mutu anazani maji imefuta sheria yote."

Basi mlangoni pa chumba cha kula kulikuwa na ubao, na ubaoni sheria za mchana. Nguo ya kuogelea haiingii, hata ikifunikwa taulo. Mwanaume asiingie na singilendi wala kofia. Kaptula ruhusa, mradi ifike magotini. Kandambili hapana, na mwanaume avae kiatu cha kufunika vidole. Asiyetaka hayo yote hakufukuzwa: juu kwenye sitaha kulikuwa na nyama ya kuchoma, na huko aliyetoka majini alikula akichuruzika. Lakini chini ndiko kulikokuwa na vitambaa vyeupe mezani na samaki mzima wa kukaanga, na kila mtu alitaka chini.

Sheria zenyewe zilitungwa kuwazuia Wazungu waliolowa. Watu wa Kampala hazikuwasumbua sana, kwani huku mtu akialikwa chakula cha mchana huvaa suti jua likamchemshe humo humo. Nerima ndiye aliyesimama mlangoni, na kwa kuwa hakuweza kumwambia mtu "rudi" akalala usingizi, alibuni sanduku. Ndani aliweka mashati yenye kola, leso za kujifunga kiunoni, viatu vyeusi vya saizi mbalimbali. Mtu akija vibaya, alivalishwa, akaingia, na akishuka alivirudisha.

Mapenzi yao yalianza kwa simu, kama ya wengi mwaka ule wa simu za tochi. Ocira alipiga akiwa zamu.

"Hallo, mama sanduku."

"Hallo, mzima moto. Umezima mingapi leo?"

"Leo hakuna moto. Kuna paka tu, ilipanda mlingoti."

"Mkaishusha?"

"Ilishuka yenyewe ilipochoka na sisi. Wewe niambie, leo umevalisha nani?"

"Mzungu mmoja. Alikuja na chupi ya kuogelea, amejifunika gazeti."

"Gazeti gani?"

"Ocira!"

"Nauliza tu, mpenzi. Kuna gazeti kubwa na kuna gazeti ndogo."

Nerima alicheka mpaka shangazi yake, Nakhisa, akaacha kuchambua mchele akamtazama kwa jicho la upande. Shangazi ndiye aliyemleta Kampala. Waliishi vyumba viwili Old Kampala, nyuma ya maduka ya zamani ya Wahindi, na hakuna kicheko cha msichana kilichompita Nakhisa bila kukaguliwa.

Jumapili Nerima alivaa gauni lake la njano lenye mkanda, akapanda kilima cha Lubaga, ambako Ocira alipanga chumba chini ya kanisa kuu. Ocira alimsubiri njiani amenyoa, amevaa shati jeupe lenye mkunjo wa pasi kila mkono, maana alikulia katika kambi ya polisi, na mtoto wa kambi hutambulika kwa pasi. Walikula ndizi gonja za kuchoma, wakatembea, wakabishana.

"Nyinyi watu wa meli mna maneno," Ocira alisema siku moja. "Singilendi, naelewa. Kofia, naelewa. Sasa kidole ya mwanaume imekosa nini?"

"Muulize Hippolyte."

"Na kama mtu hawezi kuvaa kiatu?"

"Kwa nini asiweze?"

Ocira akamenya gonja polepole. "Nauliza tu," akasema, na mara akaanza hadithi ya gari lao lililoharibika king'ora. Nerima aliona kuna kitu kimefunikwa hapo. Akakiacha. Mapenzi mapya hayapendi kuchokonolewa, naye alikuwa na furaha asitake kuiharibu. Alimpenda yule mtu. Alimpenda kwa mwanya wake na kwa jinsi alivyosikiliza habari za mashati kana kwamba ni habari za dunia.

Wiki chache baadaye akaja melini mheshimiwa mmoja na watu wake, kofia kichwani, kandambili miguuni. Nerima akaogopa. Akampisha. Kabla samaki hajafika mezani, watu wa meza ya jirani nao wamevua viatu na mmoja ameweka miguu juu ya kiti.

Hippolyte hakupaza sauti. "Nerima. Mulango ikianza kujua watu, haiko mulango tena. Mara ingine ukiachilia mutu, utapumzika kwa nyumba."

Kupumzika nyumbani maana yake ilikuwa kurudi Busia, na Busia hakukuwa na Ocira. Nerima akajiapia kwamba mlango ule hautajua mtu.

Jumamosi moja ziwa lilitulia. Kulikuwa na kundi la harusi, wanawake wamevaa gomesi, yale magauni marefu ya Kiganda, za kila rangi, wanaume makoti. Nerima alivaa sketi yake ya kijivu, blauzi nyeupe na kitambaa cha buluu shingoni. Akatokea mzee mmoja, anapanda ngazi taratibu na fimbo yake. Alivaa kaunda suti ya kahawia iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, na kofia alikwisha kuivua, ameishika kifuani. Miguuni alivaa akala, vile viatu vya mpira wa gari, vidole wazi.

"Karibu, mzee. Habari ya mchana?"

"Mzuri, mama."

Nerima akamweleza habari ya viatu kwa sauti ya chini, harusi isisikie.

"Hiyo amri ya nani?" mzee akauliza.

"Ya meli."

"Imeandikwa?"

"Imeandikwa, mzee. Hapo."

Mzee akausoma ubao mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Alipomaliza akatikisa kichwa kukubali. "Basi. Amri iko amri."

Nerima akamkalisha kwenye benchi, akatoa viatu vyeusi sandukuni, akapiga magoti kama Kampala ilivyomfundisha kufanya mbele ya watu wazima. Akafungua ukanda wa akala ya mguu wa kulia. Mguu ule ulikuwa na vidole viwili tu, cha kwanza na cha mwisho. Katikati hapakuwa na kitu ila ngozi iliyojikunja, nyororo, inayong'aa. Harusi nzima ilisimama ikitazama. Nerima hakuuondoa mkono. Akaushika mguu kisigino, akaviringisha leso yake ndogo akaiweka mbele ndani ya kiatu, akajaribu.

"Inauma, mzee?"

"Zamani. Sasa inakumbuka tu."

Kiatu kilikataa. Nerima akainuka. "Nisubiri hapa, mzee wangu. Naenda kuongea na bosi."

Hippolyte alikuwa jikoni, anagombana na mpishi juu ya mafuta. Ilibidi Nerima angoje ugomvi umalizike. Alipoeleza, Hippolyte alimtazama kama asiyeelewa. "Mugonjwa haina sheria, hata kule bahari kubwa. Mupitishe! Mbona unauliza?"

"Ulisema nikiachilia mtu..."

"Nilisema juu ya wakubwa. Sikusema juu ya wagonjwa."

Akarudi mbio. Benchi tupu. Honi ilikwisha kulia na ngazi ilikwisha kuvutwa. Kule kwenye gati mzee alikuwa anakwenda, mguu mmoja peku juu ya mbao, na kijana mpana mwenye koti na tai amemshika mkono anamvuta, mkono wa pili amebeba akala moja. Kijana akageuka nyuma mara moja tu.

Alikuwa Ocira. Na Nerima, aliyesimama na kiatu cheusi mkononi, ndipo alipoona kwamba paji la uso la yule mzee alilijua siku nyingi.

Siku nzima alipiga simu, haikupokelewa. Alibipu, hakujibiwa. Kesho yake adhuhuri ndipo Ocira alipopiga mwenyewe.

"Ulimvua baba yangu kiatu mbele ya watu."

"Nilikuwa namvalisha."

"Watu ya harusi walisimama wakiangalia! Huo mguu, Nerima. Huo mguu hakuna mtu anaangalia."

"Kwa nini hukuniambia ni baba yako anakuja?"

"Nilitaka kukushangaza. Nilimtoa Lira aje aone kazi yako, ale, halafu tuongee mambo ya kwenda kwenu. Nilibaki nyuma kidogo kutafuta tiketi, kurudi nakuta amekaa kama mshtakiwa."

Moyo wa Nerima ukaruka kwa furaha na kuanguka kwa wakati mmoja. "Lakini sheria uliijua, Ocira. Nilikwambia mwenyewe."

"Nilijua wewe ndiye uko mlangoni!"

"Ndiyo. Mimi ndiye nilikuwa mlangoni."



"Kale, sawa," Ocira akasema, na simu ikakatika.

Alimweleza shangazi yote. Alidhani Nakhisa atamtukana Ocira, na alikuwa tayari kumsaidia. Lakini shangazi alikuwa amekwama mahali pengine kabisa.

"Ulimshika mguu?"

"Sikujua ni nani, shangazi."

"Mguu mtupu? Kwa mikono yako?" Nakhisa akaweka ungo chini. "Yee, mama! Baba mkwe! Kwetu hata kumpa mkono ni mwiko, ukikutana naye njiani unampisha kichakani. Wewe umeenda kumshika mguu!"

"Hakuwa baba mkwe. Alikuwa mgeni."

"Leo ni mgeni, kesho ni baba wa mume wako, na mguu ni uleule. Huolewi nyumba ile mpaka neno hilo liondolewe. Na wa kuanza kuliondoa ni yeye mkubwa, si wewe. Tena wale ni Walango, sijui wao wana lipi."

Nerima akaingia chumbani, akakaa kitandani, akalia. Mambo mawili yalikuwa yamemfungia njia, hasira ya Ocira na mwiko wa kwao, na yote mawili aliyapata akifanya kazi yake vizuri. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Angefanya vibaya angalau angejua la kujutia.

Aliendelea kwenda melini. Alivalisha watu. Simu ilikaa kimya mfukoni mpaka ikawa mzigo.

Siku ya mapumziko yake, adhana ya adhuhuri ikiwa inashuka kutoka msikiti wa kilimani, ikalia. Namba ya Ocira. Sauti haikuwa yake.

"Hallo? Hiyo ni geti ya meli?"

"Ndiyo... hallo?"

"Mimi naitwa Ogwal. Sajenti, lakini nilistaafu. Hii simu nimechukua, mwenyewe anaoga. Nitasema haraka."

Nerima alijikuta amesimama wima. "Mzee, naomba unisamehe."

"Ngojea. Mimi kwanza. Miaka mingi nilikuwa askari ya geti. Siku moja mkubwa alikuja hana kitambulisho. Nikasema, rudi. Akatukana mpaka mama yangu. Nikasema, rudi, afande. Kesho yake alikuja nayo, akanipa mkono. Wewe umenisimamisha vizuri, tena na heshima. Mimi nilikuwa nimekaa nangoja jibu ya bosi. Huyu mtoto ndiye alikuja kunivuta kama mbuzi ya mnada."

"Bosi alikuwa amekubali, mzee. Niliporudi mlikuwa mmeshuka."

"Nilijua. Mtu akisema ngoja kwa sauti ile, anarudi." Mzee akakohoa kidogo. "Na ingine. Huu mguu risasi ilikula wakati wa vita ya kwetu. Bibi yangu, mama ya Ocira, alikuwa ananiosha. Sasa ameenda kwa Mungu. Toka yeye hakuna mtu ameshika. Ocira nikifungua kiatu anaangalia ukuta. Si mbaya, anaogopa tu. Wewe ulishika kama mguu."

Machozi yalikuwa yanamfika kidevuni. Mwisho akajikaza.

"Mzee, hiyo ndiyo shida. Kwetu mkwe hamshiki baba mkwe. Shangazi anasema nimevunja mwiko."

"Kwetu pia iko heshima," mzee akasema. "Lakini siku ile wewe hukuwa mkwe. Ulikuwa geti. Shangazi anataka nini? Kuku?"

"Kuku na maneno, mzee. Wa kuanza ni mkubwa."

"Basi mimi naanza. Anapenda jogoo ama tetea?"

Nerima akacheka huku analia. "Sijamuuliza."

"Nitaleta yote mbili."

Nyuma ilisikika sauti ya Ocira: "Baba, unaongea na nani?"

"Na kazini," mzee akajibu, na akakata.

Jumamosi asubuhi Mzee Ogwal alifika Old Kampala na jogoo kwapa moja, tetea kwapa jingine. Nakhisa alimpokea mlangoni pazia likiwa katikati, kama inavyopasa. Waliongea muda mrefu, yeye kwa Kiswahili cha Busia, mzee kwa Kiswahili cha kambi, na Nerima hakuyasikia maneno yenyewe kwa sababu alikuwa amekwisha kwenda kazini. Alichosikia ni simu ya shangazi: "Hilo limeondoka. Jogoo amenyea zulia, lakini limeondoka."

Saa sita kasoro mzee akapanda ngazi ya Adhuhuri. Kaunda suti ileile, kofia kifuani. Miguuni alivaa viatu vyeusi vipya, cha kulia kipana mbele kuliko cha kushoto, fundi alikishona kwa kuufuata mguu wenyewe. Nerima akainamisha macho. Sasa alikuwa njiani kuwa mkwe, na alijua adabu yake.

"Pita, baba."

"Hapana." Mzee akasimama wima, akainua kidogo pindo la suruali. "Leo bado iko geti. Kagua."

Nerima akatazama viatu, cha kulia na cha kushoto. "Sawa, afande."

"Asante," mzee akasema, akaingia akachagua meza ya dirishani.

Nyuma yake akaja Ocira. Jezi ya mpira isiyo na mikono, kofia kichwani, kandambili chapachapa mpaka mlangoni. Wageni wakageuka. Nerima akanyoosha mkono mbele yake.

"Hapo hapo, bwana."

"Mimi najulikana hapa."

"Na nani?"

"Na dada wa mlangoni."

"Dada wa mlangoni mchana hajui mtu."

Ocira akavua kofia. Mwanya haukuonekana, hakuwa anacheka. "Najua. Nimekuja nisimamishwe. Nerima, siku ile nilileta mzee nikisema wewe utafumba macho. Kumbe mimi ndiye nimefumba, miaka yote. Nilikuona kwa mbali umeshika ule mguu, nikashikwa na aibu, nikaita hiyo aibu hasira. Jana nimemuosha. Maji ya vuguvugu, mimi mwenyewe. Alilala akiwa amekaa."

Nerima alitaka kumkumbatia, lakini alikuwa kazini. Akapiga magoti mbele ya sanduku badala yake, akatafuta, akatoa shati la buluu.

"Vaa."

Ocira akalivaa. Nerima akamfunga kifungo cha kola, polepole kuliko kifungo kinavyotaka.

"Limekukaa."

"Lazima. Nilipimwa Kikuubo." Sasa mwanya ukaonekana. "Hii shati inarudi lini?"

"Tukifika gati."

"Na kama nataka kukaa nayo?"

"Vitu vya sanduku haviuzwi."

"Sinunui. Nataka kuoa. Shati ije na mwenye sanduku."

Kengele ya chakula ikagongwa. Hippolyte alikuwa amesimama na kizibao chake, anajifanya anapanga uma. Nerima akatazama chini.

"Ocira, neno kama hilo unaniambia umevaa kandambili?"

Ocira naye akatazama chini. "Basi nipe viatu kwanza, nitauliza tena."

Akapewa. Akakaa benchi lilelile, akavaa, akafunga kamba kwa utaratibu wa mtoto wa kambi, akasimama, akauliza tena. Sauti ilimtetemeka safari hii, na Nerima alimpenda zaidi kwa hilo.

"Nitaolewa na wewe," akasema. "Lakini kwa baba yangu Busia utakuja na viatu vyako."

Toka meza ya dirishani Mzee Ogwal akagonga fimbo sakafuni. "Mmemaliza? Samaki inapoa!"

Waliporudi Port Bell jua lilikuwa bado juu ya vilima. Wageni walivua walivyoazima, wakavirudisha, wakashuka. Hippolyte akainama juu ya sanduku akipekua.

"Nerima. Ile shati ya buluu iko wapi?"

Nerima akatazama gati. Kiatu kipya kilikuwa kimeanza kumbana mzee, naye alikuwa amesimama akiegemea fimbo. Mbele yake, katikati ya watu wanaopita na mizigo yao, mgongo mpana wenye shati la buluu ulikuwa umepiga magoti, unamlegezea kamba.

"Limetoka, bosi."

"Itarudi?"

"Halirudi," akasema Nerima, akafunga sanduku.